Safu ya Kilo

Tangazo lilibandikwa kwa uji wa sembe
kwenye mlango wa banda la mizani, huku Tukuyu.
Kima cha chini cha mshahara, sekta ya kilimo:
kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi.
Mvua ilikwisha kulamba pembe moja,
tarakimu zikabaki.

Mama akazifuata kwa kidole
cheusi kwa utomvu wa chai usiotoka hata kwa majivu.
Akasoma mpaka muhuri.
Akarudi juu.

“Karani, safu ya kilo iko wapi?”

Mwaisumo akacheka. “Mama Subilaga, wewe!”
Akatundika kapu kwenye ndoano.
Ishirini na tatu. Akaandika ishirini na moja:
mbili za umande, ndiyo desturi.

Umande.
Ule uliompanda gauni hadi kiunoni
tangu saa kumi na moja alfajiri,
aliubeba yeye, na anakatwa yeye.

Sheria siijui vizuri.
Najua kapu la pili hakulitundika.
Aliliweka chini, akaketi kando yake,
mgongo kwenye tangazo,
na foleni yote nyuma yake,
kapu moja, kisha jingine,
ikaketi.