Mshale wa Kushoto

Zahanati yetu, huku juu Newala, haina darubini.
Ina chati, imebandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda,
mishale yake inateremka kama maji ya bati
mpaka kwenye jina la dawa.

Swali la kwanza: anatokwa na ute?
Anatokwa.
La pili nililinong'ona,
maana nyuma ya pazia la kanga
Bi Asumini alikuwa akideki,
na Bi Asumini ni shangazi wa mumewe.
"Kuna mwingine, Somoe? Wewe, au yeye?"
Akatazama ndoo,
maji ya kununua, robo tatu.
Kimya chake nikakisoma kuwa ndiyo.
Nikafuata mshale wa kushoto.

Sindano moja. Vidonge vya siku saba.
Na kadi ya kumpelekea mwenzake.
Kadi haitaji ugonjwa, ina namba tu,
ila kijiji kizima kinaijua namba ile
kama kinavyojua bei ya korosho mnadani.

Mchopa alikuwa ametoka kulipwa gunia kumi na mbili.
Aliirudisha kadi siku hiyohiyo,
juu ya begi la nguo za mkewe.

Mwezi wa tatu Somoe alipanda gari la alfajiri,
akateremka milima hadi Ndanda,
kwa daktari asiyejua ukoo wake.
Huko hawakumsoma macho.
Walichukua tone, wakalipaka kwenye kioo,
wakaliuliza lenyewe.

Alirudi na cheti, akakiweka mezani pangu.
Hakukaa.
"Soma kwa sauti," akasema, "shangazi asikie."

Nikasoma.
Fangasi. Ugonjwa wa zinaa haukuonekana.
Wino wa bluu, herufi zimekaa vizuri,
mwandiko wa mtu asiye na foleni mlangoni.
Nyuma ya pazia dekio likasimama.
Somoe akakunja cheti mara nne, akaenda zake,
wala hakuelekea kwa Mchopa.

Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo.
Lakini mniulize na habari za Fadhila,
binti wa fundi baiskeli, homa, tumbo la chini linawaka,
hana nauli hata ya kufika stendi.
Mshale uleule, mkono wangu uleule,
na leo ana mtoto mgongoni, ananisalimia sokoni.
Ningengoja kioo cha Ndanda
ningemzika.

Basi chati sikuibandua.
Pazia nimelibadilisha kwa mlango,
mbao za mwembe, hazijanyooka, ila zinafunga.
Na pale mishale inapoachana
nimeandika kwa kalamu ya mkaa, herufi kubwa:
HUENDA.

Mkaguzi wa wilaya alipopita
alisema ukuta wa serikali hauandikwi ovyo,
nifute.
Nimemwitikia.
Kitambaa ninacho, maji ndiyo sina.