Finika

Chumba changu kiko Malindi, nyuma ya karakana ya friji,
lakini hewa yake si ya Malindi:
ndani ya sanduku la kioo hamna ila gesi ya agoni,
iliyopanda lori kutoka Mombasa, mtungi kwa mtungi,
na mikono yangu huingia humo kwa glavu nyeusi
kama ya mkunga.

Nachuna fosforasi nyeusi kwa utepe wa gundi.
Nachuna, nachuna tena,
mpaka kijiwe chenye rangi ya masizi
kibaki utando wa atomu chache, usio na unene wa kutaja.
Huo naubandika kwenye ncha ya uzi wa kioo.

Kazi yake ni ya bawabu:
mwanga mnyonge huumeza,
mwanga wenye nguvu huupisha.
Hapo leza huacha kumiminika, ikaanza kugonga.
Pigo, kimya, pigo;
na mbele ya pigo moja, kope ikipepesa
ni ndefu kama mwezi wa mfungo.

Ila utando huu hauvumilii.
Wiki ya Idi, Bwanaheri alisahau kubadilisha mtungi.
Nikautazama kwenye hadubini:
umetoka malengelenge, vitone vya asidi,
kama uso wa mtu aliyelia usingizini.
Oksijeni, unyevu, na taa moja iliyoachwa ikiwaka.
Miezi minne.
Sikumgombeza. Niliosha bilauri ambayo haikuwa chafu.

Usiku nikampigia shangazi Somoe, Lamu, mtaa wa Langoni,
nikamweleza bila kutaja atomu.
Akacheka. "Finika, mwanangu. Pepo haipigi hodi."
Akanikumbusha achari yake: embe lililozama halina neno,
lililochomoza kichwa juu ya mafuta
ndilo la kwanza kuota ukungu.

Nami nilikumbuka jingine, sikumwambia:
siku nilizotiwa ndani kabla ya harusi ile,
mapazia yameshushwa, liwa mwilini,
ngozi ikilainika,
na kitabu cha fizikia chini ya godoro
kisichosomeka kwa giza.
Hiyo nayo waliiita kinga.

Basi nikahangaika na kifuniko.
Plastiki nzito: hewa ilikomea mlangoni,
lakini joto nalo halikupata pa kutokea,
likatoboa katikati shimo la mviringo.
Nikageukia alumina, tabaka juu ya tabaka,
nanomita kumi tu:
mvuke unagonga na kurudi,
nuru inapita bila kuulizwa ni ya nani.

Leo ni siku ya mia na sita.
Uzi uko mezani, nje ya sanduku,
kwenye hewa ile ile ya chumvi
iliyokula bawaba za mlango wetu.
Nawasha.
Mapigo yanapita milioni ishirini kwa sekunde.
Bwanaheri ameinamia skrini, anayahesabu kwa kidole.
Amefika kumi na saba.