Usiku wa Klachi

Fuso iligoma ikipanda kutoka Kiwira,
magunia ya chai mbichi mgongoni,
mvua ya Tukuyu, isiyojua kubisha hodi,
na mimi, Anyelwisye, utingo wa miezi miwili,
tochi nimeing'ata kwa meno.

Kutoka Mbeya mjini akaja fundi Gurbachan,
kilemba amekivika mfuko wa nailoni,
bangili ya chuma ikigonga giaboksi: ngi, ngi.
Kutoka kiwandani akaja Nimalsiri, mwonja chai,
mtu wa Sri Lanka, mwavuli umepinduka.

"Majani yanakufa," nikasema.
"Yanabadilika," akasema Nimalsiri.
"Yanaoza," akasema Gurbachan. "Lete spana kumi na tisa."

Chini ya gari, matope hadi kisogoni,
fundi akauliza kama aulizaye bei ya betri:
Ninyi mnamwomba nani?
Hatuombi. Tunakaa, tunaitazama tamaa
ikiingia na kutoka.
Na aliyeumba?
Paa likivuja, ndugu yangu, natafuta ndoo kwanza
au jina la aliyeezeka?

Gurbachan akacheka, nati imo mdomoni.
Mimi sikazi hata hii bila kumtaja.
Ni Mmoja, hakuzaliwa,
na jina lake ndilo grisi ya siku yangu.

Watawa wenu hunyoa mpaka kichwa king'ae;
mimi sijakata unywele tangu nizaliwe.
Wewe unatunza ulichopewa.
Wao je?
Wao wanarudisha.

Kimya. Mvua ikajibu kwa niaba yao.

Nikathubutu: Tukifa, tunarudi?
"Tunarudi," wakasema kwa pamoja,
wakashtuka, kama watu waliogongana mlangoni.
Lakini nani hasa anayerudi?
Roho, akasema fundi, ikimtafuta Mwenyewe.
Nimalsiri akatikisa kichwa:
Ukienda kuomba moto kwa jirani,
ule unaowaka jikoni kwako ni wake au ni wako?

Sikujua. Nimebatizwa kwa Wamoraviani,
na bibi yangu, mwimbaji wa kwaya,
akipita kichaka cha wazee wa kale
haamkii, haombi,
ila hupunguza mwendo.

Alfajiri fundi akafungua sufuria: chapati, dengu.
"Kwetu hakuna anayekaa juu ya mwenzake."
Basi tukaketi topeni, mstari mmoja,
pamoja na Bi Zulfa wa kibanda cha jirani,
aliyeleta ndizi za moto na bismillahi yake.
Mmoja akataja Jina, mmoja akafumba macho.
Mimi nilikuwa na njaa; amina yangu ilikuja
chapati ikiwa imefika nusu.

Gari likawaka saa moja na robo.
Nusu ya majani tuliyamwaga.
Nusu yalikaushwa hivyo hivyo, na Nimalsiri akaonja,
akatema kwenye ndoo, akanyamaza kitambo.
"Ina ladha ya klachi," akasema,
akarudia kijiko cha pili.