Mfalme wa Sita B

Mwaka ule, Kadutu, mvua ilipiga mabati
hata somo la uraia likawa la kusoma ubaoni tu.
Mwalimu Zihindula aliandika: UFALME WA KIKATIBA,
akapiga mstari mara mbili, chaki ikavunjika,
akanitazama. Nilikuwa mrefu kuliko wote
na sikuwa na jibu la swali lolote.
"Wewe, Cirhuza. Utatosha."

Taji lilikuwa kopo la maziwa ya unga
lililokatwa meno kwa mkasi wa fundi Bashige;
ndani bado lilinukia maziwa.
Kiti cha enzi, kiti cha mwalimu, mguu mmoja mfupi.
Safu tatu za ukutani, serikali.
Mbili za dirishani, upinzani,
maana huko ndiko mvua ilikoingilia.

"Mfalme anakaa," alisema mvua ilipotulia.
"Serikali ndiyo inayotembea.
Sheria inatungwa hapa, kwenye madawati,
inapigiwa kura hapa, ndipo inapelekwa kwake.
Haongezi hata nukta."
"Sasa kazi yake nini?" Murhula, kutoka dirishani.
"Kuulizwa. Kutia moyo. Kuonya.
Halafu kutia saini."

Nsimire akasema hata mwami kule mlimani
hapandi mtama kabla hajaambiwa siku.
Murhula hakuridhika. Babu yake alimsimulia
habari za mfalme wa ng'ambo:
kwao bunge lilimshika mkono,
huku kwetu mkono uleule haukuwa na wa kuushika.
Mwalimu akafuta ubao mahali palipokuwa safi.
"Ndiyo maana," alisema. "Ndiyo maana tunasoma."

Waziri mkuu alikuwa Nabintu. Alishinda kwa kura nne,
na kwa biskuti, upinzani walidai.
Akaniandikia hotuba kwa herufi zilizolala
kama majani yaliyokanyagwa.
Nikasimama, kopo likateleza mpaka kwenye nyusi, nikasoma:
"Serikali yangu itaongeza dakika kumi za mapumziko."
Makofi.
"Serikali yangu itaweka ndoo ya maji mlangoni."
Makofi.
"Serikali yangu itawarudisha nyumbani, kuanzia leo,
wote ambao hawajalipa minervali,
ili dirisha lipate vioo."

Hapo makofi yalichelewa kidogo.
Nabintu hakujua. Aliyejua ni mhasibu,
na mimi, na mama,
aliyekuwa sokoni nyuma ya beseni la sambaza
akiwafunika kwa nailoni,
akingoja wateja waliokwepa matope.

Wakajadili. Wakahesabu mikono:
ishirini na mmoja, kumi na saba.
Karatasi ikaletwa mbele yangu, na biki ya bluu.
Nikasema, "Naonya."
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
"Mfalme ameonya. Andikeni."
Nabintu akanitazama viatu, kisha uso,
nadhani hapo ndipo alipoelewa,
lakini mikono ilikwisha kuhesabiwa, imeshuka.
Nikatia saini.
Jina lote, mpaka la ubatizo.

Nikavua taji, nikakosa pa kuliweka,
nikaondoka nalo.
Hakuna aliyeniambia toka. Ulikuwa mchezo tu.
Nilitoka.

Baadaye nilisikia kwamba juma lililofuata
Murhula alisimama, akadai sheria isomwe upya,
wakabishana mpaka kengele,
wakaongeza maneno matatu: isipokuwa mwenye sababu.
Sikuwapo kuyatilia saini.
Sijui aliyekalia kile kiti,
wala kama walimwambia kwamba kinayumba.

Mama hakuuliza habari za kopo.
Aliyagonga meno yake kwa jiwe mpaka yakalala,
akaanza kulipimia sambaza:
kopo moja, bei moja, kwa askari na kwa sista.
Ila kwa wenye watoto wengi
aliongeza kidogo juu, kwa mkono,
bila kumuuliza mtu.