Mkataba Unakataza Misumari

Saa tatu usiku, Bi Beryl akishameza vidonge vyake vitano,
nausogeza mkokoteni wake mbele ya runinga,
tunatazama wanavyobomoa.
Mtangazaji ana nyundo isiyojua vumbi.
"Ukuta huu," asema, "unakula mwanga,"
na mume na mke wanatikisa vichwa kama mashahidi,
na ukuta unahukumiwa, unaanguka,
kisha yanakuja matangazo ya sofa.

Bi Beryl hacheki.
"Watajuta Januari. Joto lote litapanda ngazi
likalale huko juu bila wao."
Anajua anachosema. Miaka hamsini na mitatu
alikaa hapa hapa Halifax, kwenye nyumba ya mawe,
mtaa wa nyumba zilizoegemeana kilimani kama walevi,
akaiuza ili alipie chumba hiki:
kitanda cha kupanda na kushuka,
dirisha lisilofunguka zaidi ya kiganja,
na mimi.

"Kila wiki naila," huniambia. "Krismasi nilimaliza paa.
Sasa niko kwenye ngazi."
Anahesabu vidato kwa vidole.

Hesabu yetu, mimi na Nassor, inakwenda kinyume.
Miaka sita ya akiba: tuna mlango
na nusu ya kizingiti.
Kwa bei za mwaka tulioanza
tungekuwa sebuleni sasa, tumevua viatu.
Lakini bei nazo zina miguu, na hazifanyi kazi za usiku.
Nyumba njema si mlango, alikuwa akisema shangazi Mwanakombo.
Kweli, shangazi.
Ila mlango ndio tu tulioumudu.

Tunapanga juu ya duka la samaki wa kukaanga.
Hata shuka zinanuka siki.
Pembeni mwa kitanda cha mtoto kuna kuvu
jeusi, linalotambaa kwa subira,
na Bwana Whitlam alipolitazama alisema tunapumua sana.
Mkataba wake unakataza rangi, paka, na misumari.
Picha ya mama imesimama sakafuni mwaka wa nne,
uso ukiangalia magoti yetu.

Idarusi ana miaka tisa. Jumamosi hunipeleka dukani
kwenye zile kadi za rangi, za bure,
huchukua tatu tatu, kwa adabu, asifukuzwe.
Nyumbani anazibandika ukutani kwa dawa ya meno.
Kila kadi ina jina, naye hunitafsiria:
Siagi ya Bibi. Mchanga Uliolala.
Juzi akasoma moja ya kijivu: "Ukungu wa Asubuhi."
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Huo tunao, mwanangu. Na wa jioni tunao.

Siku moja kabla ya ukaguzi tunabandua zote,
tunafuta kwa kitambaa cha moto.
Bwana Whitlam huingia, hunusa mnanaa,
huandika: *safi*.

Sasa kwenye runinga wamefumbwa macho,
wanaongozwa kwa mikono kuingia kwao wenyewe.
Bi Beryl ananigeukia ghafla.
"Yako utaipaka rangi gani?"
Sikujua kama nina jibu.
"Nitapigilia msumari kwanza," nikasema.
"Katikati ya ukuta mkubwa. Mrefu.
Nisiutundikie kitu siku nzima.
Niwe napita tu, na chai yangu, nikiutazama."

Akanyamaza. Nikadhani amesinzia.
"Nyundo yangu iko wapi?"
"Ilikwenda na banda, Bi Beryl. Na nyumba."
"Mpini wake ulikuwa mzuri," akasema,
na vidole vyake vikajifunga juu ya blanketi,
vikashika kitu, vikakipima uzito.

Kengele ya chumba namba tisa ikalia.
Nikamfunika miguu.
Nikazima runinga pale pale
walipokuwa wanaanza kulia kwa furaha.