Makabidhiano, Lango la Mashariki

Shika. Si hapo. Hiyo antena si mkia wa paka;
ukiibebea hapo itakatika kwa ndani
na hutajua mpaka siku unayomtaka mtu.

Hii ndiyo Namba Tatu. Moja iko mnarani,
Mbili iko zimamoto. Mimi na wewe, Khatibu,
ni Tatu: ncha ya uwanja wa Chake,
senyenge, matundu ya senyenge,
na mbuzi wa Bwana Shaame.

Kifundo hiki ni sauti. Hiki ni njia: ya pili,
usikiguse. Njia ya tano kuna watu wa hoteli
wanaagizana taulo na pweza.

Kitufe cha ubavuni: bonyeza, vuta pumzi moja,
ndipo useme. Ukifanya pupa, mwanzo wa neno humezwa.
Utasema "asitue", mnara usikie "tue",
na rubani ni mtu mtiifu.
Vidole viwili baina ya mdomo na chombo.
Usipige kelele; kelele hufika imechanika.
Na ukishabonyeza, huna masikio.
Hakiwezi kusema na kusikia kwa pamoja.
Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo,
ila yeye hakuwa na kitufe cha kuachia.

Haya, igeuze. Betri.
Tarehe niliipiga kwa wino mzito,
mwaka umeliwa na jasho la kiganja.
Usiichaji ingali moto. Ikitoka juani
ilaze kivulini kwanza, juu ya tofali,
kama mtoto mwenye homa.
Usingoje izimike kabisa ndipo uihurumie.
Usiiache chajini tangu Isha mpaka Alfajiri
ati kwa kuwa umeme ni wa serikali.
Usiitie mfukoni pamoja na sarafu na funguo:
chuma kikigusa meno haya, mfuko utawaka.
Meno yenyewe, manne ya shaba, yafute kwa raba ya penseli.
Raba imo kwenye mtoto wa meza.
Mwanangu anaitafuta ya skuli; hujaiona.

Nakwambia kwa sababu mimi sikuambiwa.

Ilikuwa msimu wa karafuu, lango zima lanukia.
Nilichelewa. Niliitia chajini imetoka juani,
taa ikageuka kijani upesi mno, nikaiamini.
Kijani cha haraka ni uongo.
Saa nne kasorobo mbuzi saba wakapenya,
wakalala juu ya mstari mweupe
kama waliotandikiwa.
Ndege iko juu ya Vitongoji, nyembamba,
sindano ya kushonea kofia.

"Namba Tatu, njia safi?" Zuwena, mnarani.
Nilimsikia. Nikabonyeza: taa nyekundu, ikafa.
Nikaachia. "Namba Tatu, njia safi?"
Nikabonyeza. Ikafa.
Mara ya tatu aliniita Mize,
jina, si namba, na hilo haliruhusiwi.

Kumbe kusikia hakuli moto kama kusema.
Betri iliyochoka bado hukuletea sauti za watu,
safi, karibu, kama mmekaa jamvi moja;
ni yako tu isiyo na nguvu ya kutoka.

Nilivua kizibao cha kung'aa, nikakimbia nacho lamini
nikikipunga kama mwendawazimu wa sikukuu.
Rubani akainua pua, akazunguka.
Mbuzi wawili hata hawakuamka.
Barua ya onyo imo kwenye faili, ukitaka kuisoma.
Na Zuwena mpaka leo, tukikutana sokoni,
hunitazama kiunoni kwanza ndipo anisalimu.

Basi. Tia saini: redio moja, betri mbili,
chaja, raba nusu.
Sasa mwambie mnara tumekabidhiana.
Bonyeza.

La, ngoja. Achia.
Sikiliza kwanza kama kuna mtu
yuko katikati ya neno lake.