Nusu ya Kutupa

Aune alipoteleza barafuni, mbele ya sanduku la barua,
akavunjika nyonga,
neno la kwanza aliloniambia akiwa juu ya machela
halikuwa maumivu, wala funguo, wala paka:
"Irja, mlishe Petteri."

Petteri ni chachu.
Anaishi ndani ya chupa ya kioo juu ya friji,
rangi yake ya uji uliosahauliwa,
harufu yake ya tufaha lililolala chini ya kitanda.
Kila asubuhi apewe unga, apewe maji ya uvuguvugu,
na kabla ya hapo, yasema karatasi ya dada yangu,
nusu yake itupwe.

Itupwe!
Mimi ambaye mama yetu alinifunza
kukung'uta mfuko wa unga mara tatu
kisha kuugeuza ndani nje kama soksi.
Siku ya kwanza niliishika ile nusu juu ya sinki,
mkono ukagoma.
Nikaimimina kwenye kikombe.
Siku ya pili, bakuli. Siku ya tatu, birika
lisilo na mfuniko tangu harusi ya Sirkka.
Kufika Alhamisi friji imejaa akina Petteri,
wamezeeka, wamevaa maji ya kijivu kichwani,
wachungu kama watu waliosubiri kikao kisichoanza.

Nje, Duluth imezibwa kwa theluji.
Ziwa limeganda hadi pale jicho linapochoka.
Treni ya madini inashuka kilimani
ikilalamikia reli.
Nikasema, basi. Leo naoka.

Si ule mkate wa Aune,
unaolazwa usiku kucha, ukakunjwa, ukapumzishwa,
ukabembelezwa kuliko mume.
Wangu ni mkate wa haraka,
na wanaosema haraka haraka haina baraka
hawajasimama jikoni kwangu saa tisa alasiri
na giza linabisha hodi saa kumi na nusu.

Siagi nikaiyeyusha. Mayai mawili. Sukari ya kahawia
imegandamana, nikaiponda kwa kitako cha mwiko.
Kisha nikammimina yule mkongwe wa birika.
Akashuka taratibu, utepe mrefu, bila povu,
kama mtu anayejua hana tena nguvu za kuinua kitu.
Tulia, nikamwambia. Hapa kuinua ni kazi ya magadi.
Wewe umeitwa kwa ukali wako tu.
(Nina miaka sabini na tatu. Nilisikia nilichosema.)
Magadi yalipomgusa, rojo zima likafoka,
nikacheka peke yangu.

Cheri tulizichuma wawili, Julai, kule Bayfield,
tukizozana nani ashike ngazi.
Zilipoingia bado zina barafu,
zikaacha michirizi ya zambarau
kama goti la mtoto aliyeanguka juzi.

Na chokoleti?
Mimi sinunui chokoleti.
Aune ndiye anayo: droo ya chini,
nyuma ya vitambaa vya Krismasi,
ndani ya bahasha iliyoandikwa "Bili za Gesi".
Nimejua kwa miaka kumi na moja.
Nikaivunja yote, kwa nyundo.

Dakika hamsini. Njiti ikatoka imepakaa weusi,
sikujua ni ubichi au ni bahati.
Nikaongeza sita. Upande mmoja ukaungua.

Hospitalini nilifungua taulo juu ya mapaja yake.
Mvuke ulikuwa bado umo.
Akauma. Uchachu kwanza, nyuma ya ulimi,
kisha cheri, kisha ule utamu mzito
unaochelewa kama mgeni wa heshima.
Akatafuna tena, polepole zaidi,
kama karani anayehesabu noti za mtu asiyemwamini.
"Hii," akasema, "ni bili yangu ya gesi."

Nikatazama dirishani.
Akasogeza sahani, akataka kipande cha pili,
chenye ile pembe iliyoungua.

"Na Petteri?"

"Yupo," nikasema. "Wapo sita."